Xavier de Maistre: Afisa Kabaila na Jina la Kaka Yake

Katika historia ya fikra za kisiasa za Ulaya, jina la de Maistre humwelekea kwanza Joseph (1753–1821), mwanafalsafa aliyeyapinga Mapinduzi ya Ufaransa na kutetea mamlaka ya mfalme na ya Papa, ilhali mdogo wake Xavier (1763–1852), askari na mwandishi, hutajwa kwa sentensi mbili tatu kama mtu mchangamfu aliyetunga kitabu kidogo cha kufurahisha. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo unapotosha, kwa sababu utiifu ambao Joseph aliuhubiri katika maandishi ndio ambao Xavier alilazimika kuuishi, na maisha yake yanaonyesha udhaifu wa fundisho hilo ambao vitabu vya kaka haviuonyeshi.

Ukabaila wa familia hii, yaani hadhi ya kuzaliwa inayoambatana na cheo na upendeleo wa kisheria, ulikuwa mchanga. Baba yao, jaji mkuu huko Chambéry katika jimbo la Savoie, lililokuwa chini ya Mfalme wa Sardinia aliyetawala kutoka Torino, alipewa cheo cha comte mwaka 1778 kwa utumishi wake wa sheria, wala si kwa upanga. Joseph, mwana mkubwa, alirithi njia ya baba, na Xavier akaingia jeshini mwaka 1781, kama ilivyokuwa kawaida kwa wana wadogo wa tabaka hilo.

Kitabu kilichompa jina kilizaliwa na utovu wa nidhamu. Baada ya kupigana na afisa mwenzake pambano la heshima, ambalo sheria ililikataza lakini desturi ya maafisa ikalidai, alifungiwa chumbani mwake Torino kwa siku 42, na humo akaandika safari ya kuzunguka chumba hichohicho katika sura 42, akipita kwenye kiti, kitanda na picha za ukutani. Joseph ndiye aliyeshughulikia uchapishaji wake. Wahakiki wengi huishia kwenye mzaha wake, na hapo ndipo wanapokosea, kwani katika kitabu hicho mtumishi wake Joannetti, kwa uvumilivu wake tu, humfanya bwana wake aone aibu na kujutia ukali wake. Mwelekeo huo unarudi mwaka 1811, katika masimulizi ambamo mwanajeshi anakaa kumsikiliza mkoma aliyetengwa na watu huko Aosta, tena asiwe na amri yoyote ya kumpa. Kwa mtu aliyelelewa kuamini kwamba jamii husimama kwa ngazi za vyeo, hilo si jambo dogo.

Ngazi zenyewe zilikuwa zimeshavunjika. Wafaransa waliiteka Savoie mwaka 1792, na mwishoni mwa mwaka 1798 mfalme akalazimika kuiacha Torino. Mwaka 1799 Xavier alijiunga na jeshi la Urusi chini ya jemadari Suvorov. Je, alikuwa askari wa kukodiwa? Hoja hiyo ina uzito, ila inashindwa kueleza kwa nini aliacha utumishi mwaka 1802 na kujitafutia riziki Moscow kwa kuchora picha za watu, kazi ambayo mtu wa hadhi yake angeweza kuionea haya. Kilichomrudisha kwenye utumishi wa dola ni udugu: Joseph alifika St. Petersburg mwaka 1803 akiwa mjumbe wa Sardinia, na kwa ushawishi wake Xavier akapewa mwaka 1805 usimamizi wa maktaba na jumba la makumbusho la Idara ya Jeshi la Majini. Baadaye alijeruhiwa vitani Kaukasi, akashiriki vita dhidi ya Napoleon, na kufikia cheo cha meja jenerali mwaka 1813.

Kwa hiyo kiti cha enzi kilipotoweka, kiapo hakikumwonyesha afisa huyu njia. Alisimama kwa ujuzi wa mikono yake na kwa jina la kaka yake. Savoie iliporudishiwa mfalme wake baada ya Napoleon kushindwa, Joseph alirejea na kufia Torino mwaka 1821 akiwa mtumishi wa ufalme ule wa zamani. Xavier hakurudi katika jeshi la mfalme wake wa kwanza, bali alioa katika ukoo wa makabaila wa Kirusi na kufia St. Petersburg mwaka 1852.