Kecak katika Hekalu la Uluwatu: Historia ya Ngoma na Tatizo la Dhana ya "Asili"

Utangulizi

Miongoni mwa sanaa za maonyesho za Asia zinazojulikana mno ulimwenguni ni kecak ya kisiwa cha Bali, nchini Indonesia. Mahali inapotazamwa na wageni wengi ni Uluwatu, kando ya hekalu lililojengwa juu ya genge linaloikabili Bahari ya Hindi. Panapokaribia saa kumi na mbili jioni, hadhira huketi juu ya ngazi zilizopangwa nusu duara, huku jua likishuka baharini. Wanaume kadhaa wakadhaa, vifua wazi, wamejifunga vitambaa vya miraba myeupe na myeusi, huingia wakitoa sauti ya "cak" kwa mapigo yanayopishana, kisha huketi wakiizunguka taa. Ala za muziki hazipo. Sauti za watu ndizo ngoma. Katikati ya duara huigizwa kisa cha Rama, Sita, Rahwana na Hanoman kutoka utenzi wa Ramayana.

Mambo haya, yaani hekalu kongwe, bahari, machweo na utenzi wa kale, yakikutana mahali pamoja humfanya mtazamaji aamini kuwa anashuhudia ibada ya tangu enzi na dahari. Imani hiyo si sahihi kihistoria. Hata hivyo, wahakiki walioisahihisha wameangukia kosa jingine: la kuiona kecak kuwa kitu bandia kilichobuniwa na Mzungu kwa ajili ya watalii. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba misimamo yote miwili imejengwa juu ya dhana moja dhaifu ya "asili", na kwamba dhana hiyo imewanyima Wabali vitu viwili kwa zamu: kwanza historia yao, kisha utunzi wao.

Hekalu na Mazingira Yake

Pura Luhur Uluwatu limesimama kiasi cha mita 70 juu ya usawa wa bahari, katika kijiji cha Pecatu, kwenye rasi ya Bukit iliyo kusini kabisa mwa kisiwa. Mapokeo ya Wabali hukihusisha chanzo chake na Mpu Kuturan, kuhani wa karne ya 11, na upanuzi wake na Dang Hyang Nirartha, kuhani aliyetoka Java katika karne ya 16, zama za mfalme Dalem Waturenggong wa Gelgel. Yasimuliwa kwamba ni Uluwatu ambako Nirartha aliiaga dunia kwa njia ya moksa, roho yake ikafunguka kutoka katika vifungo vya mwili.

Hekalu hili limo katika kundi la mahekalu makuu yanayokilinda kisiwa kutoka pande zake mbalimbali. Upande wake ni kusini-magharibi, ambao katika itikadi ya Kihindu ya Bali ni wa mungu Rudra. Ikumbukwe kwamba Mbali huipima dunia kwa kaja, upande wa mlimani, na kelod, upande wa baharini. Wa kwanza ni wa utakatifu, wa pili ni wa nguvu za hatari zinazohitaji kutulizwa. Mahali pale pale, basi, pana hadhira mbili na maana mbili. Mgeni aliyeelekea magharibi huona uzuri wa machweo. Mwenyeji huona mpaka unaolindwa.

Tofauti hii hujitokeza pia katika kalenda na katika matumizi ya nafasi. Sikukuu ya hekalu, yaani odalan, huja kila baada ya siku 210 kwa hesabu ya kalenda ya pawukon. Kecak huchezwa jioni baada ya jioni. Mgeni huvishwa saruni au mshipi kabla ya kuingia katika eneo la hekalu, wala haruhusiwi kufika ua wa ndani kabisa, ambao ni wa waumini. Jukwaa la kecak liko nje ya nyua hizo takatifu. Hata hivyo, ujirani wa jukwaa na hekalu hufanya kazi kubwa ya kisanaa. Kima wa Uluwatu, wanaojulikana kwa kunyakua miwani na kofia za wageni na kuzirudisha wakipewa chakula, humwandaa mtazamaji kumpokea Hanoman, jemadari wa kima, kana kwamba ametoka katika miti ya hapo hapo. Mahali huikopesha ngoma umri wake.

Kutoka Sanghyang hadi Kecak

Chimbuko la sauti za "cak" ni sanghyang, kundi la miviga ambamo mchezaji hupandwa na nguvu ya kiungu au ya roho nyingine. Katika sanghyang dedari, wasichana wadogo ambao hawajavunja ungo hupagawa na kucheza wakiwa wamefumba macho. Katika sanghyang jaran, mchezaji huwa kama farasi na kupita juu ya makaa ya vifuu vya nazi. Miviga hii ilifanywa ili kukinga kijiji na maradhi na balaa. Wanawake waliimba nyimbo za kuita roho, na wanaume wakaitikia kwa "cak". Kwa istilahi za fasihi simulizi, sauti ya wanaume ilikuwa kiitikio. Kiini cha tukio kilikuwa yule aliyepandwa, wala hapakuwa na kisa cha Rama.

Mabadiliko yaliyozaa kecak yalitokea mwanzoni mwa miaka ya 1930, nayo hayaeleweki bila muktadha wake wa kikoloni. Waholanzi walikamilisha kuiteka Bali ya kusini kwa umwagaji mkubwa wa damu: mwaka 1906 huko Badung, na mwaka 1908 huko Klungkung, watu wa nyumba za kifalme walitoka kwenda kuuawa badala ya kusalimu amri, tendo liitwalo puputan. Miaka michache baadaye, serikali ile ile ilijitangaza kuwa mlezi wa utamaduni wa Bali. Katika miaka ya 1920 ilishika sera iliyoitwa Baliseering, iliyokusudia Wabali wabaki Wabali kama walivyofikiriwa na watawala. Hoteli ya kwanza kubwa, Bali Hotel, ilifunguliwa Denpasar mwaka 1928, na wageni wake walioneshwa ngoma. Jumba la makumbusho la Bali lilifunguliwa mwaka 1932.

Katika mazingira hayo aliishi Walter Spies, mchoraji na mwanamuziki Mjerumani aliyezaliwa Moscow mwaka 1895 na kuhamia Bali mwaka 1927. Spies alishiriki katika utengenezaji wa filamu ya *Insel der Dämonen* ya Victor von Plessen, iliyoonyeshwa mwaka 1933, ambamo kundi la cak lilihitajika kwa onyesho lenye mvuto. Mshiriki wake mkuu katika ngoma alikuwa I Wayan Limbak, mchezaji stadi wa kijiji cha Bedulu, wilaya ya Gianyar. Limbak alitia katika nafasi ya kiongozi wa cak miondoko ya baris, ngoma ya mashujaa. Kiitikio kikatolewa katika miviga, kikawekwa katikati, kikapewa kisa cha kuigiza. Vitabu vya Miguel Covarrubias (1937) na vya Beryl de Zoete akiwa na Spies (1938) viliieneza sifa ya ngoma za Bali katika nchi za Magharibi.

Nani Mtunzi?

Simulizi iliyozoeleka baada ya hapo ni kwamba Spies ndiye aliyeibuni kecak. Simulizi hii inahitaji kuhakikiwa kwa makini.

Kwanza, malighafi yote ilikuwa ya Wabali. Ufundi wa mapigo yanayopishana, ambapo kila kundi hujaza pengo lililoachwa na jingine, ndio ule ule unaotawala muziki wa gamelan. Miondoko ya kiongozi ilikuwa ya baris. Kisa cha Rama kilijulikana visiwani humo kwa karne nyingi, kwani utenzi wa Ramayana katika Kijava cha kale ni wa karne ya 9. Pili, mabadiliko hayakukomea Bedulu. Kijiji cha Bona, katika Gianyar hiyo hiyo, nacho kinajidai kuwa chimbuko, na madai hayo ni ushahidi kwamba jamii zilikuwa zikishindana kuiendeleza sanaa hii. Tatu, Spies alifariki mwaka 1942, meli iliyombeba yeye na mateka wengine Wajerumani iliposhambuliwa kwa mabomu ya Wajapani. Kecak inayochezwa Uluwatu, yenye wahusika waliovaa mavazi rasmi na kisa kinachoanzia kutekwa kwa Sita hadi Hanoman kuzungukwa na moto, ilikamilika baada yake, na inaelekea kuathiriwa na sendratari, aina ya tamthilia-ngoma iliyoshamiri Java na Bali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 Sardono W. Kusumo, msanii kutoka Java, alishirikiana na wanakijiji wa Teges kutunga *Cak Tarian Rina*, kazi iliyoonyesha kwamba cak ingeweza kuvunja tena umbo lake yenyewe.

Mfano kutoka Afrika Mashariki unasaidia kuonyesha upungufu wa simulizi ya mtunzi mmoja. Ngoma ya Beni, iliyochunguzwa na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na iliiga waziwazi bendi za kijeshi za Wazungu. Hakuna mhakiki aliyemtafuta kiongozi wa bendi Mzungu ili ampe utunzi wa Beni. Imekubaliwa kuwa watunzi wake ni vyama vya mitaani vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo. Kwa nini basi Bali, ambako mgeni alichangia ushauri na kamera, mgeni huyo apewe ngoma nzima? Jibu linaelekea kuwa katika picha ya Mbali iliyojengwa na ukoloni: mtu anayerithi bila kutunga. Mtu wa namna hiyo akionekana na jambo jipya, hutafutwa aliyempa.

Semina ya 1971 na Tatizo la Istilahi

Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa Bali mwaka 1969, na idadi ya wageni ikaanza kupanda. Ngoma za mahekaluni zilianza kuuzwa mahotelini, jambo lililowatia hofu viongozi wa dini na wasanii. Mwaka 1971 semina iliitishwa Denpasar ili kutenga sanaa takatifu na sanaa ya kidunia katika ngoma. Tatizo la kwanza lilikuwa la lugha. Kama alivyobainisha Michel Picard, maneno *sakral* na *profan* yalikuwa ya mkopo, na Kibali hakikuwa na jozi inayolingana nayo. Wanasemina walirudi katika lugha na usanifu wa hekalu lao, wakapata makundi matatu badala ya mawili: wali, ngoma zilizo sehemu ya ibada, za ua wa ndani, bebali, zinazoandamana na ibada, za ua wa kati, na balih-balihan, za kutazamwa, za ua wa nje na kwingineko.

Uzito wa tendo hili haujathaminiwa vya kutosha. Wanasemina hawakuuliza ngoma ina umri gani wala imeathiriwa na nani. Waliuliza inachezwa wapi, na kwa ajili ya nani. Kigezo chao kilikuwa dhima, si ukale. Kwa kigezo hicho kecak ni balih-balihan, na hakuna aibu yoyote katika kuwa hivyo. Msomaji wa Kiswahili atalielewa hili kwa urahisi, kwani neno "ngoma" hubeba ala, uchezaji, sherehe na hata ibada ya pepo bila kutenganisha kimbele cha mungu na cha burudani. Muktadha ndio utenganishao.

Hata hivyo mipaka hiyo si kuta. Ili kuikinga ngoma ya matoleo iitwayo pendet isichezwe mbele ya watalii, ilitungwa panyembrama, ngoma ya kuwalaki wageni. Baada ya muda panyembrama ilianza kuchezwa mahekaluni. Kilichotungwa kwa ajili ya nje kiliingia ndani, kwa hiari ya waumini wenyewe. Mwaka 2015 UNESCO ilipoziorodhesha ngoma tisa za Bali kwa kufuata makundi yale matatu, sanghyang dedari ilikuwamo. Kecak, inayojulikana zaidi na wageni, haikuwamo. Orodha hiyo yaweza kusomwa kama hukumu dhidi ya kecak, lakini pia kama uthibitisho kwamba umaarufu mbele ya wageni na uzito mbele ya wenyeji ni mizani mbili tofauti.

Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba kecak ya Uluwatu ni changa kuliko hekalu iliyo kando yake kwa karne nyingi, na kwamba machweo yanayoipamba yamechaguliwa kwa ajili ya mtazamaji. Ukweli huo hauipunguzii ngoma thamani. Anayesema kwamba kecak ni ya kale tangu zamani anawafanya Wabali kuwa watu wasio na historia. Anayesema kwamba ni ya Spies anawafanya kuwa watu wasio na watunzi. Wote wawili wanaliangalia jukwaa bila kuwaona wale walioketi katika duara.

Kwa uhakiki wa sanaa za maonyesho, funzo ni la kimbinu. Swali la "je, ni ya asili?" halina budi kutanguliwa na maswali mengine: fanani ni nani, hadhira ni ipi, mahali ni papi, na nani mwenye mamlaka ya kuweka mpaka kati ya ibada na maonyesho. Huko Uluwatu mpaka huo unapita kati ya ua na jukwaa, hatua chache tu, nao umewekwa na wenyeji. Kadiri mamlaka hayo yanavyobaki mikononi mwao, kecak itaendelea kuwa yao, hata kama kila aliyeketi kuitazama ametoka ng'ambo ya bahari.