Maslahi Binafsi na Ushahidi Uliopuuzwa

Swali la iwapo uchumi ni sayansi huulizwa kana kwamba jibu lake limo katika hesabu. Wanaokubali huonyesha milinganyo yake. Wanaokataa huonyesha tabiri zake zilizoshindwa. Kwangu mimi hili ni swali la kihistoria: taaluma hii ilifanya nini pale matukio yalipoikanusha?

Tumwanzie Adam Smith, anayehesabiwa kuwa baba wa soko huria. Alipata kuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka 1776 alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu utajiri wa mataifa. Humo alifundisha kwamba mwoka mikate hatulishi kwa huruma, bali kwa kutafuta riziki yake. Funzo hilo kila mwanafunzi analijua. Lisilotajwa sana ni kwamba kitabu hicho hicho kinatetea sheria za kuzidhibiti benki. Mwaka 1772 Benki ya Ayr, huko Scotland, ilikuwa imeshindwa kulipa madeni yake na kuitikisa nchi. Smith aliyazingatia hayo. Alisema kuwa uhuru wa wachache unaoihatarisha jamii nzima unastahili kuzuiwa, kama vile sheria inavyolazimisha kujengwa kwa kuta za kuzuia moto usivuke nyumba hadi nyumba.

Warithi wake walichukua habari za mwoka mikate, wakaziacha kuta. Mwaka 1997 tuzo ya uchumi, ambayo Benki Kuu ya Sweden iliianzisha mwaka 1968 kwa kumbukumbu ya Alfred Nobel, walipewa Robert Merton na Myron Scholes kwa njia ya kukokotoa thamani ya mikataba ya fedha inayotegemea bei za mali nyingine. Wote wawili walikuwa washirika katika mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management. Haukupita mwaka, Septemba 1998 mfuko huo ulikuwa ukingoni mwa kuanguka, na taasisi 14 za fedha zikachanga takriban dola bilioni 3.6 kuunusuru.

Mwaka huo huo Brooksley Born, aliyeongoza tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya namna hiyo, alitaka ile inayouzwa nje ya masoko rasmi ichunguzwe na kuwekewa kanuni. Alan Greenspan, mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, alikuwa miongoni mwa waliompinga. Mwaka 2000 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyoiacha sehemu kubwa ya mikataba hiyo bila udhibiti.

Benki ya Lehman Brothers ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008. Tarehe 23 Oktoba Greenspan, akiwa amekwisha kustaafu, alihojiwa na kamati ya Baraza la Wawakilishi. Alikiri kwamba ameona kasoro katika itikadi yake: aliamini kuwa benki, kwa kujali maslahi yao wenyewe, zingelinda mitaji ya wanahisa wao.

Kasoro ilikuwa katika neno “wenyewe”. Benki haina nafsi. Ina maofisa, na ofisa aliyeuza mkopo mbovu alipokea bahashishi yake mwaka ule ule, ilhali hasara ilikuja baadaye kuwaangukia wanahisa na walipa kodi. Kila mmoja alifuata maslahi yake, na nyumba ikaungua.

Sayansi huheshimiwa kwa sababu hukubali kusahihishwa na ushahidi. Ushahidi wa mwaka 1998 ulikuwa mezani, ukapuuzwa kwa miaka kumi. Sidai kwamba uchumi ni ramli. Smith aliyetazama benki ikianguka kisha akaandika alichokiona alikuwa mwanasayansi kuliko wengi waliomfuata. Ninachodai ni kwamba imani haigeuki sayansi kwa kuvishwa milinganyo.

Nasi haya yanatuhusu. Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, ushauri tuliopewa ulitoka katika ukoo huo huo wa fikra, na washauri wa namna hiyo wangali wanabisha hodi wizarani. Mtumishi wa umma anayeambiwa kwamba “sayansi ya uchumi inasema” ana haki ya kuuliza: ni tukio gani likitokea mtakiri kwamba mmekosea, na gharama yake atailipa nani? Asiye na jibu asikabidhiwe hospitali wala shule zetu kuzifanyia majaribio.