Kiswahili na Kuvunjika kwa Jumuiya ya Kwanza ya Afrika ya Mashariki

Habari za Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 husimuliwa mara nyingi kana kwamba iliuawa na ugomvi wa wakubwa wawili. Masimulizi hayo hayakosi ukweli, walakini ni mafupi mno. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zimekwisha kufungamanishwa katika mambo ya forodha, reli na posta zamani sana, kabla wenyeji wake hawajaulizwa neno. Kenya na Uganda zilikuwa na ushuru mmoja wa forodha tangu mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Ulikuwa umoja wa mtawala, uliopangwa kwa faida ya utawala, na wengi waliutazama kwa jicho la shaka. Mwaka 1953 waziri mmoja wa Uingereza alipotaja tu uwezekano wa shirikisho la Afrika ya Mashariki, Buganda yote ilitaharuki, kwa kuchelea kuwekwa chini ya masetla wa Kenya. Mzozo ukakua hata Kabaka Mutesa II akahamishwa nchi.

Kando ya umoja huo wa maofisi ulikuwapo umoja mwingine, uliokwenda kwa miguu na kwa jahazi. Kiswahili kilikuwa kimefika Tabora, Ujiji na pande za Ziwa kwa misafara ya biashara kabla Mzungu hajachora mipaka. Serikali nazo zilikihitaji. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua lugha ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Hii yaweza kuhesabiwa miongoni mwa kazi chache za umoja wa kikoloni ambazo wananchi walizichukua wakazifanya mali yao. Hata hivyo si wote waliokipokea Kiswahili kwa moyo mmoja. Katika Buganda kilionekana ni lugha ya askari na ya wageni, tena yenye kutishia cheo cha Kiganda. Na woga uliolikataa shirikisho ndio huo huo uliokikataa Kiswahili.

Tarehe 5 Juni 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza mjini Nairobi kusudi la kuunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha. Mwaka 1966 hata shilingi ya pamoja ikaanza kuachwa, kila nchi ikawa na benki kuu yake. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba viwanda na faida vilielekea Kenya, na majirani wakawa soko tu. Kwa hiyo Mkataba uliotiwa sahihi mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967 ulikuwa hasa mkataba wa kupatanisha mizani: uliruhusu kodi ya kulinda viwanda vichanga vya nchi zilizo nyuma, ukaanzisha benki ya maendeleo, na ukagawa makao makuu. Reli na ndege zilibaki Nairobi, bandari zikapewa Dar es Salaam, posta Kampala, na Jumuiya yenyewe Arusha. Ilikuwa kazi ya busara, wala haistahili dharau inayotupiwa siku hizi.

Lakini Arusha hiyo hiyo, miezi minne kabla, lilikuwa limetangazwa Azimio la Ujamaa. Tanzania ilikuwa imeamua kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na Kenya ilikuwa imeshika njia ya mtaji wa watu binafsi. Mtu angeweza kuyajadili mambo hayo mawili kwa Kiswahili safi, Mombasa au Tanga, na bado asikubaliane na mwenzake hata kidogo. Zaidi ya hayo, Tanzania ilikitumia Kiswahili kujenga taifa lake lenyewe. Lugha iliyovuka mipaka ikawa pia alama ya upande mmoja wa mpaka.

Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Nyerere alikataa kuketi naye, na Mamlaka ya marais watatu, yaliyokuwa ndiyo kichwa cha Jumuiya, hayakukutana tena. Kukataa huko kulikuwa na haki yake, kwani damu ya Waganda ilikuwa ikimwagika. Ila Mkataba haukuwa na neno la kusema juu ya mtawala anayeua watu wake. Ajabu ni kwamba aliyekipandisha Kiswahili kuwa lugha ya taifa nchini Uganda, mwaka 1973, alikuwa Amin mwenyewe, na heshima hiyo iliyotoka kwenye kambi za askari iliizidishia lugha chuki.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilisimama, Kenya ikaanzisha lake, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekwisha. Wadigo, Wamasai na Wakuria, wenye ndugu pande zote mbili, walijikuta kutembeleana kwao kumekuwa kosa. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 1983, na mwaka 1984 mali ikagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Watumishi wa Jumuiya hawakupata hesabu nyepesi kama hiyo. Miongoni mwa Watanzania walikuwapo waliokuwa wangali wakidai mafao yao baada ya mwaka 2000.

Mkataba mpya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulitaja yale ambayo wa kwanza uliyanyamazia: utawala bora, demokrasi na haki za binadamu. Juu ya lugha uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaandikwa kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano ya watu.