Kemikali za kuzuia moto: Hatari iliyojificha kwenye vumbi la nyumba

KEMIKALI za kuzuia moto hutiwa kwenye plastiki, sponji za makochi na vitambaa ili visishike moto kwa urahisi. Kundi lililotumiwa sana tangu miaka ya 1970 ni lile lenye bromini, linalofahamika kwa kifupi kama PBDE.

Kemikali hizi huchanganywa tu na plastiki au sponji bila kuungana nazo kikemia. Kwa sababu hiyo, huponyoka kidogo kidogo kwa miaka mingi, hasa kifaa kinapopata joto au kuchakaa, kisha hutua kwenye vumbi. Watoto wanaotambaa na kutia vidole mdomoni ndio humeza kiasi kikubwa zaidi. Zikishaingia mwilini, hukaa kwenye mafuta, nazo haba na haba hujaza kibaba.

Nchini Uswidi, uchunguzi wa maziwa ya akina mama yaliyohifadhiwa kati ya 1972 na 1997 ulibaini kuwa kiwango cha PBDE kiliongezeka maradufu kila baada ya takriban miaka mitano. Aidha, tafiti zimezihusisha kemikali hizo na kuvurugika kwa homoni za tezi ya shingoni, pamoja na kudorora kwa uwezo wa akili wa watoto walioathiriwa wakiwa tumboni.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina mbili, penta na okta, mnamo 2004. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya iliuridhia mwaka uo huo, uliziorodhesha mwaka wa 2009, na aina ya deka ikafuata 2017.

Hata hivyo, kupiga marufuku utengenezaji hakuondoi bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Runinga na kompyuta kuukuu huendelea kutoa kemikali hizo, na nyingi huletwa Afrika kama mitumba. Zikiharibika, aghalabu huishia jaani. Nyaya na plastiki zake zinapochomwa ili kupata shaba, hutoa dioksini, ambayo ni sumu kali zaidi. Isitoshe, PBDE zimewahi kupatikana katika vikaragosi vya watoto vilivyoundwa kwa plastiki iliyotumika awali.

Nyumbani, inafaa kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kunawa mikono kabla ya kula, kubadilisha makochi ambayo sponji zake zinapukutika, na kutochoma kamwe vifaa vya umeme vilivyoharibika.