Insulini ya Denmark

Kampuni ya insulini ya Nordisk ilianzia kwenye ugonjwa wa nyumbani. Marie Krogh, daktari wa Copenhagen, alikuwa na kisukari. Mwaka 1922 alikuwa Marekani na mumewe August, mshindi wa Nobel ya 1920, walipopata habari za insulini ya Toronto. Marie ndiye aliyemsukuma mumewe aifuatilie. August alirudi na kibali cha kuitengeneza. Desemba hiyohiyo, yeye na Hans Christian Hagedorn, daktari wa Marie, walipata dawa kidogo kutoka kwenye kongosho la ng'ombe. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Machi 1923. Fedha za kuanzia zilitoka kwa mfamasia August Kongsted, ambaye husahauliwa mno. Mwaka 1932 Nordisk ilifungua hospitali ya kisukari ya Steno. Marie aliishi hadi 1943.