Kabla Hujauza Shamba Upate Viza: Historia Fupi ya Bei ya Kukaa

Leo tuongee pesa, lakini si ile ya kutafuta. Tuongee ile ya kuonyesha.

Ukitaka kwenda kusoma Canada saa hii, ukiweka kando karo na nauli ya ndege, wanataka kuona dola za Canada 22,895 za kujikimu mwaka wa kwanza. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 2. Ujerumani inataka mwanafunzi aweke yuro 11,904 kwa akaunti iliyofungwa, halafu akifika anatolewa 992 kila mwezi. Na kama umeoana na Mwingereza na mnataka kuishi kwao, tangu Aprili 2024 mwenzako anafaa kuonyesha mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka.

Hapa Kipkelion tunajua vile hizo namba hugeuka zikifika kijijini. Zinakuwa ng'ombe wa maziwa kwa soko. Zinakuwa grupu ya WhatsApp ya mchango, kila mtu ameitishwa elfu mbili. Zikizidi, zinakuwa ekari moja ya kahawa, na mzee anaambiwa atie sahihi tu, mtoto atairudisha akishika kazi.

Ukilalamika unajibiwa, "Hiyo ndiyo sheria, utado?" Mimi nasema sheria ya aina hii si kama mvua. Kuna watu waliketi kwa ofisi wakaiandika, na wakitaka wanaibadilisha. Na kitu ambacho hatukufundishwa vizuri shuleni ni kwamba watu wetu walishawahi kudaiwa bei ya kukaa, na walidaiwa wakiwa kwao. Twende pole pole.

Stesheni iliyoitwa Lumbwa

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwisho wa 1901. Stesheni yetu ikaandikwa Lumbwa, jina ambalo watu wengine walikuwa wanawaita Wakipsigis, wao wenyewe hawakujiita hivyo. Mwaka uliofuata, 1902, serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya ardhi iliyoruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Walowezi wakaona ni kidogo. Mwaka wa 1915 sheria mpya ikatoa miaka 999. Hebu hesabu: mtu aliyepewa ardhi mwaka huo, lisi yake ingeisha 2914. Ndiyo maana Katiba ya 2010 imesema wazi kwamba asiye raia hawezi kushikilia ardhi Kenya zaidi ya miaka 99.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha, Uingereza ilikuwa na wanajeshi wengi wasio na kazi. Mwaka wa 1919 ukaletwa mpango wa kuwapa mashamba Kenya, zaidi ya mashamba elfu moja. Kura zilipigwa Nairobi na London. Mashamba mengine yalitolewa bure, mengine ya kulipwa pole pole. Lakini kulikuwa na sharti: mwombaji aonyeshe kwamba ana mtaji au mapato ya kumsukuma hadi shamba lisimame.

Umeona? Pesa ya kuonyesha ni kitu cha zamani. Tofauti ni kwamba aliyepita mtihani ule alipewa shamba. Wewe ukipita wa leo unapewa stika kwa pasipoti.

Upande wetu wa Kericho walitengewa maafisa walioumia vitani, ekari 25,000 za kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka kwa soko la dunia na mradi ukafa baada ya miaka michache tu. Sasa sikia vizuri: mradi ulipokufa, ile ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Iliishia kwa kampuni za chai. Na yale maelfu ya Waafrika waliobeba mizigo kwa vita hivyo hivyo, wale ambao jina lao limebaki kwa mtaa wa Kariokor Nairobi, hawakupewa hata shamba moja kwenye mpango ule.

Kibali cha siku 180

Mlowezi alionyesha mtaji. Mwafrika naye alionyesha nini? Alionyesha mgongo.

Sheria ya 1918 ilisema Mwafrika anayetaka kuishi na familia yake kwenye shamba la mlowezi ni lazima amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hao ndio walioitwa maskwota. Wengine walikuwa wanaishi palepale babu zao walipolisha mifugo, lakini kwa karatasi walikuwa wageni. Siku 180 ni nusu ya mwaka. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kukaa, na ilihesabiwa kwa siku za maisha yako.

Halafu kuna kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika vita vilipoisha. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Ndani kuliandikwa mwajiri wako ni nani, ulianza lini, unalipwa ngapi, na kama umeruhusiwa kuondoka. Mwajiri akikosa kutia sahihi, huendi popote. Sasa angalia fomu ya viza ya leo: barua ya mwajiri, stakabadhi za mshahara, ruhusa ya likizo. Sisemi ni kitu kimoja, kwa sababu hakuna anayekufunga jela kwa kukosa viza ukiwa kwako. Nasema tu hayo maswali yana umri mkubwa kuliko wazazi wetu.

Na kuna waliofukuzwa bila hata kuulizwa pesa. Mwaka wa 1934 serikali ilitunga sheria maalum ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Walikaa huko hadi karibu na uhuru. Kesi yao ya fidia bado inazungumzwa hadi leo.

Hata mzungu maskini alirudishwa

Hapa ndipo historia inakuwa tamu. Usidhani kila mzungu alikaribishwa. Wale waliofilisika, wakawa wanalala ovyo na kuomba mjini, serikali ya kikoloni iliwatafutia meli na kuwarudisha kwao. Iliogopa kwamba Mwafrika akimwona mzungu ameombaomba, heshima ya utawala itaisha.

Kwa hivyo ukiambiwa sharti la pesa ni la kukulinda usiteseke ugenini, kubali kwamba kuna ukweli ndani yake. Maisha Toronto ni ghali, na kuna vijana wetu waliofika huko wakakosa hata kodi ya nyumba. Lakini sharti hilo pia limekuwa njia ya kuchagua nani aonekane na nani asionekane. Yote mawili ni kweli.

Sisi pia tuna mlango

Tusijifanye Kenya haina bei. Mgeni akitaka kuja kustarehe hapa bila kufanya kazi, kuna kibali cha daraja K. Awe na miaka 35 au zaidi, na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12 upate dola 2,000 kwa mwezi.

Mstaafu wa kawaida Marekani hupata kama hizo dola 2,000 kwa mwezi kutoka kwa mfuko wao wa uzeeni wa serikali. Hajauza kitu. Hajafanya mchango. Hapa kwetu, mzee aliyepita miaka 70 na yuko kwa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Najua hiyo ni msaada, si pensheni ya kazi. Lakini ziweke hizo 2,000 mbili kando kwa kando uone. Wao wawili wanaulizwa swali lile lile, "una pesa?", na jibu limeshaamuliwa na mahali walipozaliwa.

Sasa tufanye nini?

Wengine watasoma hii waseme nawakataza watu kwenda majuu. Hapana. Nenda. Mwaka wa 1959 ndege ilitoka Nairobi na wanafunzi 81 wakielekea Marekani, mpango wa Tom Mboya na wenzake. Wazazi na vijiji vilichanga, na Wamarekani weusi maarufu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliweka majina yao kuomba pesa. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Mchango si aibu, ni urithi. Lakini wale walikuwa na shule zinazojulikana na watu wanaojulikana wa kuuliza maswali. Linganisha na majirani zetu wa Uasin Gishu, ambako 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa masomo wa Finland na Canada.

Mimi nina mambo matatu tu.

Kwanza, hiyo bei huruka. Canada ilikaa na dola 10,000 kwa karibu miaka ishirini, halafu tarehe 1 Januari 2024 ikawa 20,635, na Septemba 2025 ikapanda tena. Agosti 2025 Marekani nayo ilianza kuwaitisha baadhi ya waombaji kutoka Malawi na Zambia dhamana ya hadi dola 15,000 kwa viza ya kutembelea tu. Ukipanga mambo yako kwa namba ya mwaka jana, umepanga hewa.

Pili, usikope pesa ya kuonyesha. Kuna wajanja wanakuwekea milioni kwa akaunti wiki mbili, wanachukua riba, wanatoa. Maafisa husoma akaunti ya miezi, na milioni iliyoanguka Jumanne wanaiona. Canada ikisema umedanganya inakufungia miaka mitano.

Tatu, shamba. Ardhi ya kilimo haiuzwi kienyeji. Inahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na mume au mke akubali. Hizo sheria zimewekwa ili kuwe na mtu wa kuuliza "una hakika?" kabla ya sahihi. Waacheni waulize. Ada ya viza hairudishwi ukikataliwa, na aliyenunua ekari yako hana haja ya kukurudishia.

Babu za wengi wetu walitoa nusu ya kila mwaka ili waruhusiwe kuishi kwenye hii milima, na ilipofika wakati wa uhuru wakachanga tena kununua mashamba kutoka kwa walowezi. Kwa hivyo mtoto wa mtu akija na fomu, kaeni chini kama familia, hesabuni yote, halafu mjibu swali moja ambalo ubalozi hautawauliza: akikataliwa, tutakuwa tumebaki na nini?