Kuacha Kazi kwa Uungwana

Mgeni akifika Ujiji huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi hapo huwakumbuka ambao hawakufika: wapagazi wa Nzuwani na kiongozi wao, Musa.

Walianza safari na Livingstone mwaka 1866. Mwezi Septemba mwaka uleule, karibu na Ziwa Nyasa, wakasikia kuwa mbele kuna vita vya Wangoni. Wakatua mizigo chini, wakaondoka. Kwa hilo siwalaumu sana. Kazi ilikuwa mpya, na roho ni moja. Lakini walipofika Unguja walisema kuwa bwana wao ameuawa! Njia ya mwongo ni fupi: mwaka 1867 msafara uliotumwa Nyasa ulibaini kuwa hakufa, na mwaka 1869 akaingia Ujiji, mgonjwa lakini hai.

Kijana, kazi mpya ikikushinda, mwambie mwajiri mapema, mkabidhi mizigo yake mkononi, na huko uendako usimzulie. Kigoma ni mji mdogo. Kesho mtapanda naye boti moja. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.